Mafunzo ya Udaktari Vijijini Kilimanjaro na Arusha: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Anayekwenda Nje ya Mji

Mwanafunzi wa udaktari aliyezoea wodi za KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye mabingwa karibu katika kila idara, hupangiwa majuma kadhaa katika hospitali ya wilaya, kituo cha afya au zahanati akiwa na maswali ambayo darasani hayakupata nafasi. Atalala wapi, ataripoti kwa nani, ataruhusiwa kufanya nini kwa mikono yake, na afanyeje mgonjwa anapozidiwa usiku wakati gari la wagonjwa liko kilomita nyingi kutoka hapo? Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, tangu barua ya chuo hadi siku ya kukabidhi. Nimewasimamia wanafunzi wa kutosha kuniwezesha kusema bila kusita kwamba somo kuu la kijijini ni kuamua: nani atibiwe hapa, nani apelekwe mbele, na apelekwe saa ngapi. Mengine yote yanayofuata yanalitumikia somo hilo.

Hatua ya kwanza: Barua, chanjo na mizigo

Barua ya utambulisho kutoka chuoni huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala yake humfikia Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye anayekupangia kituo. Usitegemee kwamba barua iliyotumwa imekwishafika. Chukua nakala zako zenye mhuri, kwa kuwa utaombwa moja ofisi ya wilaya, nyingine kituoni, na wakati mwingine ya tatu kwa mtendaji wa kijiji. Ukipangiwa hospitali ya kanisa, kama Machame, Marangu, Huruma ya Rombo, Wasso au Endulen, uliza pia utaratibu wa malazi, kwa sababu nyingi kati yake zina nyumba za wageni ambazo hujaa mapema.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo anayeikumbuka juma la mwisho amekwishachelewa. Ianze mwaka wa kwanza wa masomo. Kama hukuimaliza, mweleze msimamizi wako waziwazi kabla hujaingia chumba cha kujifungulia.

Mizigo iwe michache na ya maana: makoti meupe mawili, viatu vilivyofunika kidole, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu yako mwenyewe, tochi ya kichwani, kipimajoto, na mashine ya presha ikiwa unaweza kuimudu. Beba glavu zako, kwani zipo siku boksi la kituo huisha kabla ya mgao wa Bohari ya Dawa kuwasili. Anayekwenda Marangu, Kibosho au Machame mwezi wa Juni na Julai asidanganyike na joto la Moshi mjini, maana huko juu usiku huhitaji sweta nzito na blanketi la pili. Anayekwenda Longido au Monduli atakutana na vumbi, jua kali na maji ya mgao. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, barabara nyingi za ndani hazipitiki kwa gari dogo, kwa hiyo panga kuwasili siku mbili kabla.

Hatua ya pili: Elewa ngazi unayokwenda

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza. Inaendeshwa na tabibu, muuguzi mkunga na pengine mhudumu mmoja, ina kipimo cha haraka cha malaria na vipimo vingine vichache, na kwa kawaida hailazi. Juu yake kipo kituo cha afya, chenye maabara ndogo, vitanda na, katika vituo vilivyoboreshwa, chumba cha upasuaji wa dharura wa uzazi. Kisha huja hospitali ya wilaya, ambayo mahali pengine ni hospitali teule ya dhehebu la dini, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kilimanjaro ni Mawenzi na kwa Arusha ni Mount Meru. KCMC ndiyo kilele cha kanda ya kaskazini. Mwanafunzi anayeijua ngazi hii hatamlaumu tabibu wa zahanati kwa kutopima kile ambacho ngazi yake haina.

Hatua ya tatu: Siku ya kwanza kituoni

Nenda kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, kabla ya kuingia popote, kisha kwa muuguzi mfawidhi, na baada ya hapo wasalimie watumishi wote, pamoja na mlinzi na mama anayefanya usafi, kila mmoja kwa heshima ya umri wake. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu elimu. Tabibu mwenye diploma na mkunga wa miaka ishirini kazini ni walimu wako hapa, na namna utakavyowasikiliza asubuhi ya kwanza ndiyo itakayoamua kama watakuita usiku penye jambo la kujifunza.

Omba kuonyeshwa vitu vinne siku hiyohiyo: kisanduku cha dharura, mahali penye oksijeni, jokofu la dawa na chanjo, na vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Watu huvidharau vitabu hivyo kwa sababu ni vikubwa na vinachosha mkono, lakini humo ndimo utakapoona, kwa kupekua kurasa za miezi mitatu, ni maradhi gani yanayoongoza, watoto wangapi walizaliwa, na wagonjwa wangapi walipewa rufaa. Kuhusu jokofu, uliza umeme unapokatika hufanyikaje. Oksitosini, dawa inayozuia mama kutokwa na damu baada ya kujifungua, hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikikaa kwenye joto nguvu yake hupungua huku kichupa kikionekana kilekile.

Uliza pia siku ya mnada au gulio. Siku hiyo foleni hurefuka, kwa kuwa watu wa mbali huunganisha safari ya soko na ya matibabu, na ukipanga kusoma vitabu vyako siku hiyo utakuwa umekosea ratiba.

Hatua ya nne: Wagonjwa utakaowaona

Homa ndiyo itakayokufundisha unyenyekevu. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi kati ya 2007 na 2008 walifanyiwa uchunguzi wa kina na watafiti, ikabainika kwamba takriban asilimia 61 walikuwa wameandikiwa malaria na waganga, ilhali waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6 tu. Waliobaki walikuwa na bakteria katika damu, maradhi yanayotoka kwa wanyama kama leptospirosi, homa ya Q na brusela, homa zinazoenezwa na kupe, chikungunya na mengineyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 nao uliikuta mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ikiwa na maambukizi chini ya asilimia 1 kwa watoto wadogo. Kwa hiyo kipimo cha haraka kikionyesha hakuna malaria, kiamini, usiandike dawa mseto kwa kujiliwaza, kisha anza kazi ya kweli, ambayo ni kumhoji mgonjwa.

Maswali ya homa katika ukanda huu yana sura yake. Je, anafuga, na katika miezi ya karibuni kuna ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba bomani? Ni nani aliyemsaidia mnyama huyo kuzaa, na kwa mikono mitupu? Anakunywa maziwa mabichi? Anafanya kazi kwenye majaruba ya mpunga ya Moshi chini, ambako maji na panya hukutana? Amesafiri karibuni kwenda ukanda wa pwani au wa ziwa, kwenye malaria nyingi? Mfugaji mwenye homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno yasiyokoma huenda ana brusela, nayo hutibiwa kwa dawa mbili kwa muda wa majuma sita. Ukimpa vidonge vya siku tano atapata nafuu, atarudi machungani, na baada ya mwezi atakuwa mlangoni pako tena.

Kwa watoto, jifunze kuhesabu pumzi kwa dakika nzima huku mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama yake. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni za haraka kupita kawaida. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiitike, ana dalili za hatari na hangoji foleni. Mzunguko wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, hata kama mama amemleta kwa kikohozi tu.

Huduma za mkoba usizikose hata siku moja. Timu hutoka na pikipiki au gari la halmashauri, ikiwa na kisanduku cha baridi cha chanjo, daftari na mzani wa kuning'iniza. Mzani hufungwa kwenye tawi la mgunga, mtoto huvalishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, huning'inizwa akilia, nawe una sekunde chache za kusoma mshale kabla hajaanza kupiga mateke na kuuyumbisha. Rudisha mshale kwenye sifuri baada ya kila mtoto. Mwanafunzi aliyeshika mzani huo asubuhi nzima hujifunza juu ya ukuaji wa mtoto mambo ambayo mchoro wa darasani haukumwonyesha, kwa sababu anawaona kaka na dada wa nyumba moja wakipimwa kwa zamu.

Katika miteremko ya Mlima Meru utawaona vijana wenye meno ya kahawia na, katika sehemu zenye hali mbaya zaidi, watoto wenye miguu iliyopinda. Chanzo ni madini ya floridi yaliyozidi katika maji ya volkano, ambapo kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Usimwambie kijana apige mswaki vizuri. Amekwishaambiwa hivyo mara nyingi, na si kweli.

Majeraha ya bodaboda, watoto walioungua kwa uji au moto wa mafiga, kifua kikuu, presha na kisukari vitajaza saa zako zilizobaki. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ipatikane chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba wala kuchanjwa wembe, bali kiungo kitulizwe kama kilichovunjika na apelekwe haraka.

Hatua ya tano: Chumba cha kujifungulia

Hapa mkunga ndiye mwenye nyumba. Ingia kwa ruhusa yake na ya mama, jitambulishe kuwa ni mwanafunzi, na kaa upande wa kichwa hadi utakapoitwa. Kazi yako ya kwanza iwe patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto, uchungu, njia ilivyofunguka na presha ya mama, vyote viandikwe wakati vinapopimwa. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa haijamsaidia mtu, na ukiona desturi hiyo mahali fulani, usiirithi.

Kabla ya mama kusukuma, hakikisha mfuko na kinyago cha kumpulizia mtoto vipo mezani na vinafanya kazi. Mtoto asiyepumua baada ya kukaushwa na kusisimuliwa anatakiwa awe ameanza kupulizwa ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo haina nafasi ya kutafuta kifaa kabatini. Mama hupewa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli mara mtoto anapotoka, baada ya kuhakikisha hakuna pacha.

Katika jamii nyingi za wafugaji utawahudumia wanawake waliokeketwa. Uso wako usibadilike. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na ukisikia mtoto yuko hatarini mweleze mganga mfawidhi na afisa ustawi wa jamii, ambao wanajua njia ya kumlinda. Lakini mama aliye kwenye uchungu anahitaji mkono uliotulia na mkunga anayejua mahali kovu linapoweza kuchanika.

Hatua ya sita: Lugha na adabu za chumba cha daktari

Kiswahili kitakufikisha mbali, ila bibi wa Rombo anaweza kueleza maumivu yake kwa Kichaga tu, na mama wa Ngorongoro kwa Kimaasai. Tumia mkalimani ambaye mgonjwa amemkubali, na usimtumie mtoto wake kumwuliza mambo ya uzazi. Ukiwa umaasaini, watoto watakuinamishia kichwa ili uwaguse, nawe uwaguse, ndiyo salamu. Jifunze kusema Sopa, na Takwenya kwa wanawake, halafu ngoja jibu kabla ya kuanza maswali.

Uliza dawa za nyumbani bila dharau: “Mmetumia nini kabla ya kuja?” Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba, na miongoni mwao walikuwapo wenye virusi vya ukimwi walioacha dawa zao baada ya kunywa. Mgonjwa anayeogopa kuchekwa atakuficha jambo la namna hiyo, na wewe utapandisha dozi ya dawa ambayo hamezi. Ukikaribishwa maziwa bomani, omba chai iliyochemka, na mwenyeji hatakasirika ukimshukuru kwanza.

Picha za wagonjwa zisiingie kwenye simu yako, sembuse makundi ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na kijiji ni kidogo kiasi kwamba hata kidonda kisicho na uso kinajulikana ni cha nani.

Hatua ya saba: Rufaa

Nimeiwekea rufaa nafasi kubwa kwa sababu ndipo uhai unapopotea au kuokolewa. Ucheleweshaji hutokea mahali patatu: nyumbani, kabla familia haijaamua; njiani, kwa kukosa usafiri; na kituoni, baada ya mgonjwa kufika. Huu wa tatu ni wetu, nao mara nyingi huanza na maneno “tumwangalie kidogo kwanza.”

Chukua mfano wa mjamzito anayeumwa kichwa, mwenye presha 170 kwa 115 na protini kwenye mkojo, aliyefika zahanati saa kumi jioni. Asiondoke hivihivi. Anapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, dozi ya kuanzia, gramu 4 kwenye mshipa taratibu na gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila kalio. Anapewa dawa ya kushusha presha iliyopo. Anawekewa njia ya mshipa na mpira wa mkojo. Kazi yako ni kumsaidia muuguzi kupima, kuhesabu na kuandika. Wakati huo, mtumishi mwingine apige 115, namba isiyo na malipo ya mfumo wa m-mama wa kuratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wa tatu aongee na ndugu.

Mazungumzo hayo na ndugu yana uzito sawa na sindano. Anayeamua huenda ni mume aliyeko machungani au mama mkwe aliyekaa kimya kwenye benchi. Waeleze ugonjwa kwa maneno ya kawaida, waambie kitakachofanyika mbele, na uwaulize kinachowazuia. Kizuizi mara nyingi ni nauli ya kurudi, mtoto mwingine aliyebaki nyumbani, au ng'ombe wasio na wa kuwakamua, na hayo yana majibu yakitajwa.

Barua ya rufaa iandikwe kabla gari halijafika. Itaje tatizo katika mstari wa kwanza, vipimo pamoja na saa vilipochukuliwa, kila dawa na kiasi chake, njia iliyopitia na saa iliyotolewa, kisha namba ya simu ya kituo. Daktari wa zamu Mawenzi au KCMC asiyejua saa ya magnesiamu hawezi kupanga dozi inayofuata. Piga simu mbele, na mgonjwa mahututi asindikizwe na mtumishi.

Hatua ya nane: Mipaka yako na usalama wako

Utaombwa kufanya usiyoyajua, mara nyingi kwa nia njema, kwa sababu watumishi ni wachache na wewe umevaa koti jeupe. Jibu liwe moja: “Sijawahi kulifanya nikiwa peke yangu; nitalifanya ukinisimamia.” Jibu hilo halimdhalilishi mtu. Mgonjwa wa kijijini ana haki ileile ya kutojaribiwa aliyonayo mgonjwa wa mjini.

Ukichomwa na sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, mjulishe mfawidhi papo hapo, na uanze dawa kinga ya virusi vya ukimwi haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72 kwa vyovyote, uendelee nayo siku 28. Usingoje kurudi chuoni, na usifiche kwa aibu. Majeruhi wa kupigwa au ajali huhitaji fomu ya polisi namba 3, ila aliye katika hatari ya kufa hutibiwa kwanza.

Utaona kifo ambacho mjini pengine kisingetokea. Omba kikao kifupi na mfawidhi, mpitie mfuatano wa saa kwa saa bila kumtafuta wa kulaumiwa, na umpigie simu msimamizi wako usiku huohuo badala ya kulibeba peke yako.

Hatua ya tisa: Kukabidhi na kurudi

Siku tatu kabla ya kuondoka, hakikisha kitabu chako cha mazoezi kimesainiwa na waliokusimamia kweli, kwani kumfuatilia tabibu wa Loliondo ukiwa Moshi ni kazi ngumu. Waorodheshe wagonjwa wako wanaohitaji kufuatiliwa, uikabidhi orodha kwa jina na kwa mkono, na uwaage mwenyekiti wa kijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliokutembeza.

Kisha, ukirejea KCMC, waulizie wagonjwa mliowapa rufaa. Vituo vingi vya chini havipati kamwe habari za mgonjwa vilivyomtuma, na hivyo havijui kama uamuzi wao ulikuwa sahihi au ulichelewa. Mwombe daktari wa wodi aandike majibu ya rufaa kwa kituo, uyafikishe kwa mganga mfawidhi kupitia njia rasmi, na umwombe amwonyeshe muuguzi aliyekuwa zamu usiku ule.